Mashine Iliyosoma Madaftari ya Baba

Mama aliniomba kitu kimoja tu: nimsomee madaftari ya Baba. Mimi, kwa vile nimesoma sana, nikayatafutia kompyuta.

Subiri nieleze kwanza, halafu ndio ucheke vizuri. Baba alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa, mtu wa darasa la saba. Shamba letu liko juu ya Kedowa, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona chai, ukienda nyuma ya jikoni unaona chai, na ukichoka na chai unatazama mahindi ya jirani. Alipofariki tulitoa chini ya kitanda chake sanduku la bati, na ndani mlikuwa na madaftari thelathini na moja, yale ya watoto wa shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Yote yalikuwa mabishano kati yake na mtu mmoja, rafiki yake, fundi wa kushona nguo. Huyu anaandika kurasa nne au tano, anampelekea mwenzake daftari; mwenzake anajibu humo humo, analirudisha. Waliandika kwa Kiswahili kwa sababu Baba alikuwa Mkipsigis, fundi alitoka milima ya upande wa magharibi, na kila mmoja alijua kwa lugha ya mwenzake salamu na matusi, basi.

Fundi alikuwa jirani yetu nilipokuwa mtoto. Ploti yake ilipakana na chai yetu. Ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule, akaniachia upindo mkubwa wa kukulia, nikaivaa mpaka darasa la tano. Halafu ukaja ule mwaka wa uchaguzi mbaya, ambao kwetu hatuutaji. Tunasema tu "ule wakati," na kila mtu anatazama chini. Mchana kweupe vijana wa upande wetu walikuja wakachoma nyumba ya fundi na cherehani zake ndani. Mimi nilikuwa kwa shangazi yangu Kericho. Niliambiwa fundi, mke wake na watoto walikimbia wakipita katikati ya chai yetu, wakatokea barabarani, wakaenda. Hawakurudi. Baadaye akapanga chumba kwenye soko la Boito, akaanza upya na cherehani ya kuazima.

Mwaka mmoja ukapita, na daftari la kwanza likaja, limebebwa na mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akipeleka viazi huko. Mstari wa kwanza, baada ya salamu, fundi alikuwa ameuliza: Je, mtu aliyenyamaza ana hatia? Baba akajibu. Fundi akajibu jibu. Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, gunia la viazi likienda na daftari likirudi. Waliuliza kama mtu anaweza kumsamehe ambaye hajamwomba msamaha. Waliuliza kama Mungu husahau au hujifanya tu. Waliuliza kama woga ni dhambi au ni ugonjwa. Watu wa darasa la saba, eti.

Sasa, Mama alitaka kuweka jiwe kwenye kaburi la Baba. Siku kama hiyo unawaita watu wake wote, na wa kwanza kwa orodha ya Mama alikuwa fundi. Lakini huwezi kumwita mtu aje asimame juu ya kaburi la mtu ambaye hajamsamehe. Hiyo ni kuwatukana wote wawili, aliye juu na aliye chini. Mama mwenyewe aliishia darasa la pili. Kitabu cha nyimbo anakisoma vizuri kwa sababu nyimbo zote anazijua kwa kichwa.

"Soma hizo madaftari," aliniambia, "uniambie kama walipatana. Wakiwa walipatana nitamwita. Wakiwa hawakupatana nitaweka hilo jiwe peke yangu, ninyamaze."

Kazi ya wiki mbili, kama mtu ana macho na kiti. Bahati mbaya wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya falsafa, na mtu akisomea falsafa hawezi tena kukaa kwa kiti akasoma kitu. Nilikuwa nafundisha sekondari siku za wiki, na Jumamosi nakwenda chuoni kukutana na msimamizi wangu. Huyu bwana alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na injili mpya. Kusoma, alisema, ni kwa watu wasio na zana. Binadamu akisoma ana upendeleo: anampenda huyu, anamwonea huruma yule, anasinzia ukurasa wa arobaini. Mashine haina upendeleo na haisinzii. Niliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili, mimi mwalimu mzima ninayewaambia watoto wa kidato cha pili kila siku kwamba muhtasari si kitabu.

Nilipomwambia kuhusu madaftari, alisimama kutoka kwa kiti chake. "Hiyo ni data!" akasema. Sio baba yako, sio pole kwa msiba. Data. Pale pale tukatunga kichwa cha tasnifu: Uchunguzi wa Kikokotozi wa Dhana za Hatia na Msamaha katika Matini za Kifalsafa Ambazo Hazijachapishwa za Nyanda za Juu za Chai. Kichwa kilikuwa kirefu kuliko safu ya chai yetu, na nilikipenda kama mtoto wangu.

Kwanza maandishi yaingizwe kwenye kompyuta. Kuyachapa mwenyewe kungenilazimu kuyasoma, Mungu apishe mbali, kwa hiyo nikayapeleka kwa dada mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta, mjini Kericho. Alichapa miezi miwili. Kila nikipita kuchukua kazi, nampata ananitazama kwa namna fulani.

"Madam," aliniambia siku moja, "hii kitu wewe umeisoma?"

"Nitaichambua," nikamjibu.

"Hapana, nimeuliza kama umeisoma. Kuna mahali mimi nilisimamisha kazi nikatoka nje kidogo."

Nikamwambia tena kwa ukali kidogo, kwa ile sauti tunayoitumia sisi wenye karatasi, kwamba kazi yake ni kuchapa kila herufi ilivyo, asianze kutafsiri, kwa sababu akitafsiri ataharibu data. Alinikabidhi kila kitu kikiwa kimepangwa vizuri, akakataa hata soda niliyomnunulia. Nilidhani ana maringo.

Wee! Halafu raha ikaanza. Nilikaa mezani kwa Mama na kompyuta yangu mpakato, nikaiambia mashine ihesabu. Ilihesabu maneno yote ya wazee wawili kwa muda ambao Mama alichukua kuweka kuni moja jikoni. Kisha ikanichorea picha, maneno yamekusanyika pamoja, lile linalotumika sana likiwa kubwa, lile lisilotumika likiwa dogo. Katikati, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, kulikuwa na neno MVUA. Kando yake NG'OMBE. Chini yake MAJANI. Neno hatia nililitafuta kwa miwani.

Nikampelekea msimamizi wangu. Alitazama ile picha, akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Unaona kitu gani hapa?" akaniuliza. Nikasema naona mvua. "Unaona falsafa ya mazingira!" akasema. "Hawa wazee, walipokuwa wakiuliza kuhusu hatia, kwa undani walikuwa wakiuliza kuhusu mvua!"

Na mimi, mtoto niliyezaliwa kwa hiyo mvua, nikakubali. Nilijua vizuri kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba kwetu hakuna mtu anayeanza na neno lenyewe. Hata ukija kumwambia mtu ng'ombe wake yuko ndani ya mahindi yako, unakaa kwanza, unauliza mvua ilinyeshaje huko chini, ng'ombe wameamkaje, majani yanatoka namna gani msimu huu, huku mahindi yako yanaliwa. Kila barua ya kila daftari ilianza hivyo, nusu ukurasa. Mashine ilikuwa imehesabu salamu. Lakini chuoni hatukuziita salamu. Niliandika kurasa ishirini kuhusu mvua kama dhana ya kimaadili, na msimamizi akaandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Kina kikubwa!" Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga walisema, na walikuwa hawajaona zangu.

Mama alikuwa akingoja. Kila jioni nikitoka shule ananiwekea chai, anauliza, "Umefika wapi?"

"Bado nasafisha data, Mama."

"Kusafisha? Kwani yamechafuka? Mimi nayapanguza vumbi kila Jumamosi."

Nikamweleza kwamba kusafisha ni kutoa maneno yasiyo na maana, ili yabaki yale muhimu. Alifikiria hilo, akiwa ameshika kikombe.

"Baba yako hakuwa anaandika maneno yasiyo na maana," akasema. "Alikuwa anaona kalamu inaisha."

Siku nyingine aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. "Na mimi? Wamenitaja mahali?" Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Nikaiambia mashine itafute maneno kama mke wangu, mama watoto, mwenzangu, shemeji, jina lake la nyumbani na lile la ubatizo. Ikatafuta madaftari yote. Hakuna. Katika salamu fundi aliuliza nyumba, watoto, ndama. Baba alijibu nyumba, watoto, ndama. Mama hakuwemo hata mara moja.

Nilikasirika kwa niaba yake. "Hata mara moja, Mama! Miaka yote hiyo unapika, unachuma, unakamua, na huyu mzee anaandika falsafa kama anaishi peke yake!"

"Hata mara moja?" akauliza.

"Hata moja!"

"Sawa," akasema, akaendelea na maharagwe. Nilidhani ni unyenyekevu wa akina mama wa zamani. Nikaandika sehemu nzima, yenye hasira nzuri, kuhusu mwanamke aliyefutwa katika fikra za wanaume wa nyanda za juu. Msimamizi aliipenda kuliko mvua.

Kisha nikafika kwa lile swali lenyewe: walipatana? Kwa hilo kuna njia. Mashine inachukua maneno ya mtu wa kwanza na maneno ya mtu wa pili, daftari kwa daftari, inapima yanakaribiana namna gani, halafu inachora mistari miwili. Mistari ikiwa mbali, hawa wanatofautiana. Ikikaribiana, wanaelewana. Baba nilimpa rangi ya kijani. Fundi nikampa nyekundu.

Nisikilize sasa. Mistari ilianza mbali, kila mmoja na kona yake ya karatasi. Kufikia daftari la kumi ilikuwa imeanza kusogeleana. La ishirini, ilikuwa jirani. Na pale mwisho, madaftari manne au matano ya mwisho, ilishikana, kijani na nyekundu, ikawa kama uzi mmoja. Nilipiga kelele peke yangu mezani. Haki ya Mungu nililia. Nikasema mashine imewaona wazee wangu wakipatana, na mimi ndiye niliyeishika taa. Nikaichapisha ile mistari kwa rangi, nikaipeleka saiba ikafunikwa plastiki isiharibike, nikamletea Mama.

Aliishika kwa mikono miwili. "Huyu mwekundu ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Na hapa wameshikana?"

"Wameshikana, Mama. Walipatana kabisa. Sayansi imesema."

Mama aliiweka ile karatasi kwenye kiti cha Baba, akaenda nje, akakaa kwa muda mrefu kwenye jiwe la kunolea jembe. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea, kitu ambacho sikuwa nimeona tangu mazishi. Akasema Jumamosi twende Boito tukamwalike fundi kwa mdomo, maana mtu kama huyo haalikwi kwa simu.

Mkono mtupu haulambwi. Mama alibeba sukari, unga, jogoo mmoja mwenye kiburi, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichokuwa kimekaa mpaka kikanukia majivu vizuri. Akaongeza daftari la mwisho, amelifunga kwa leso. Baba alikuwa amefariki likiwa kwake, kwa hiyo zamu ya kulipata ilikuwa ya fundi, na kitu cha mtu hurudishwa. Mimi nilibeba mchoro wangu.

Tulimpata fundi kwenye kibanda chake, nyuma ya soko, na mlango wake ukitazama chai ya watu wengine. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Macho yalikuwa yamekwisha kwa kazi ya sindano. Siku hizi alikuwa akishona kwa vidole tu, mifuko na mapindo. Alinijua kwa sauti. "Huyu si ndiye alikuwa anakula chaki?" akasema, tukacheka. Alimsalimia Mama kwa adabu sana, "Karibu, shemeji," akamtafutia kiti chenye mgongo. Tukauliza mvua. Tukauliza ng'ombe, ingawa fundi hana ng'ombe.

Ndipo Mama akaniashiria. Nikatoa mchoro, nikaueleza kama ninavyoeleza watoto darasani: huyu kijani, huyu mwekundu, hapa mwanzo, hapa mwisho. Nikamwambia kompyuta imethibitisha kwamba yeye na Baba walimaliza wakiwa na mawazo mamoja, na tumekuja kumwita kwa jiwe la rafiki yake.

Fundi aliisogeza ile karatasi karibu na jicho lake la kushoto. "Nilifikiri ni ile karatasi ya moyo ya hospitali," akasema. Halafu akaniuliza polepole, "Mwalimu, wewe ni mtoto wa hapa ama ni wa wapi?"

"Wa hapa."

"Umekaa mikutano ya wazee?"

"Nimekaa mingi."

"Mzee wa hapa akitaka kukukatalia mbele ya watu, anafanya nini kwanza?"

Nilijibu kama mwanafunzi. "Anarudia maneno yako."

"Yote?"

"Yote. Na anayasifu."

"Na akikubali?"

"Akikubali anaanza kuongeza yake. Anabishana, anarekebisha."

"Na akirudia yako yote vizuri, halafu akae chini bila kuongeza?"

Nilihisi masikio yakiwaka moto. Nilikuwa nimeona jambo hilo tangu nikiwa mdogo, nimekaa chini na akina mama pembeni mwa mkutano. Mzee anasimama, anayasema maneno ya mwenzake mazuri kuliko mwenyewe alivyoyasema, anamshukuru, anakaa. Na mwenye maneno anachukua kofia yake anaenda nyumbani, kwa sababu amekataliwa na hakuna lingine.

"Baba yako ndiye alinifundisha hiyo," fundi akasema. "Kwetu sisi tunagombana tu, tunamaliza. Mwanzo nilikuwa nabishana naye kweli kweli, kila mtu na yake. Nilikuwa bado nampenda. Halafu nikamwuliza swali moja. Akanirudishia maneno yangu, mazuri kabisa, akakaa chini. Nikamwuliza tena. Akanirudishia tena. Basi na mimi nikaanza kumrudishia yake. Hapa," akaweka kidole pale mistari iliposhikana, "hapa ndio nilikuwa nimechoka na yeye kabisa. Mashine yako imehesabu heshima, mwalimu."

Sikuthubutu kumtazama Mama. Nilikuwa nimempa amani ya uongo, nikaifunika na plastiki. Nilitaka ardhi ya Boito inimeze na cheti changu.

"Swali lilikuwa gani?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimwuliza alikuwa wapi," fundi akasema. "Ile siku. Sikumwuliza kuhusu Mungu tena. Nilimwuliza tu, ndugu yangu, ulikuwa wapi? Mara ya mwisho nilipomwandikia hilo, daftari halikurudi. Nikasikia amekufa."

Mama akafungua leso. Alimwekea daftari mapajani. Fundi akalipapasa jalada, akanipa mimi. "Macho hayako. Nisomee. Kusoma si unajua?"

Nilifungua. Ndiyo, wewe unayecheka, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Miezi minane nilikuwa nimeandika kuhusu madaftari haya na sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja kutoka juu hadi chini. Nilianza na maneno ya fundi, yale ya mwisho. Kisha mwandiko wa Baba, ule wa kuinama upande mmoja. Mvua. Ng'ombe. Majani yalivyopigwa na baridi. Kisha akarudia swali la fundi, lote, kwa uzuri. Nilifikiri ataishia hapo. Kulikuwa na nafasi ya mistari miwili, na chini yake akaendelea, na mimi nikasoma kwa sauti:

"Nimerudia maneno yako miaka yote kwa sababu niliogopa kuweka yangu. Leo naweka yangu. Siku hiyo nilikuwa kwa chai. Nilikuwa nimevaa ile aproni ya manjano ya kuchumia. Nilikuona ukija na watoto na moshi nyuma yako. Uliniita mara mbili kwa jina. Niliinama. Nilikaa chini ya majani mpaka mkapita, halafu nikasimama nikaendelea kuchuma, kwa sababu sikujua mikono nifanyie nini. Umeniuliza kama aliyenyamaza ana hatia. Mimi sikunyamaza tu. Mimi nilijificha, ukiniita."

Maneno hayo yalikuwa kwenye kompyuta yangu tangu dada wa saiba ayachape. Lakini nilikuwa nimeiamuru mashine itupe kila neno lililotokea mara moja tu, kwa maana mwongozo wake ulisema maneno ya mara moja ni vumbi. Baba alikuwa amesema neno "niliinama" mara moja katika maisha yake yote, na mimi nikamfagia.

Mkono wa fundi ulikuwa kwenye gurudumu la cherehani, unalizungusha polepole bila uzi. "Rudia hapo kwa kuinama," akasema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia mara ya tatu.

"Nilimwona," fundi akasema. "Si eti sikumwona. Nilimwona amesimama, nikasema, ah, tumepona, mtu wetu huyu hapa. Halafu nikaangalia tena hayuko. Miaka yote nilikuwa nataka tu aseme kwa mdomo wake." Alipangusa uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona, suruali ya mtu. "Sasa amesema. Amechelewa, lakini amesema."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeanza kufunga daftari. Lakini fundi aliinua uso wake akauelekeza kwa kile kiti chenye mgongo.

"Shemeji," akasema, bila ukali wowote. "Siku hiyo kwa chai niliona aproni mbili."

Mama alikuwa ameishika leso tupu, anaikunja, anaikunjua. Jogoo alikuwa akihangaika ndani ya kikapu chake mlangoni na hakuna aliyemjali. Nilimtazama Mama nikingoja akatae. Alifungua mdomo, ukakataa kutoa kitu. Nimemjua mama yangu maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona akishindwa na maneno.

Fundi akanyoosha mkono, akalichukua daftari mapajani mwangu, akalipapasa kutafuta mahali maandishi yanapoishia, akanirudishia likiwa wazi. "Kurasa zimebaki," akasema. "Kama mdomo umekataa, akuambie wewe uandike. Mimi na mume wake ndivyo tulivyozoea."

Nikatoa kalamu. Ile kalamu nyekundu ya kusahihishia, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

"Andika," Mama akasema, na alikuwa akimtazama fundi, si mimi. "Andika alitaka kuitika. Alikuwa ameshaweka kikapu chini, ameshaanza kuja kwako. Andika nilimwambia akitoka watachoma na kwetu."

Niliharibu mstari. Mama akangoja nimalize kukata.

"Usiandike kwamba aliinama," akasema. "Andika mimi ndiye nilimshika shati nikamvuta chini. Nilimshika mpaka likachanika."